Usipojua, Toa Mji: Mwongozo wa Kuishi na Mtoto Mdadisi

Mtoto wa miaka minne amefundishwa kuamkia wakubwa. Saa mbili usiku taarifa ya habari inaanza, mtangazaji anatokea kwenye runinga, naye anasimama wima mbele ya kioo na kutoa shikamoo yake. Kimya. Anarudia kwa sauti ya juu zaidi. Kimya tena. Anamgeukia bibi yake na kushitaki: "Bibi, huyu dada hana adabu. Nimemwamkia mara mbili, hajaitika."

Nyumba nzima inaangua kicheko, na wengi wetu huishia hapo. Tunacheka, kesho tunamsimulia jirani, basi. Lakini mtoto yule amefanya kazi kubwa. Amechukua kanuni aliyopewa, ameipeleka mahali papya, imekataa kufanya kazi, naye ametafuta sababu. Sababu aliyoipata si sahihi, ila njia aliyoifuata ni nzuri sana. Alichokosa ni sentensi mbili tu kutoka kwa mkubwa: "Yule dada yuko studio. Picha yake inatufikia sisi, ya kwetu haimfikii yeye."

Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, dada wa kazi na mwalimu wa awali, yaani yeyote anayeshinda na mtoto wa miaka mitatu hadi minane. Msingi wake ni mmoja: vituko vingi vya umri huu ni maswali yaliyoulizwa kwa mikono na miguu. Ukishalipata swali, utajua la kujibu, la kuzuia na la kukemea, kama lipo.

Tafuta swali kabla ya kutafuta fimbo

Tazama vituko hivi vitatu, kisha jiulize mtoto alitaka kujua nini.

Amefukia sarafu ya shilingi mia tano kwenye tuta la mchicha na anaimwagilia kila jioni. Anataka kujua kwa nini mbegu zinaota na pesa hazioti, hasa kwa kuwa amewasikia wakubwa wakilalamika kwamba pesa haitoshi.

Ameitumbukiza simu ya baba kwenye beseni la nguo na kuisugua kwa sabuni. Ameambiwa kila kichafu kinafuliwa, na kioo cha simu kilikuwa na alama za vidole.

Amezikata nywele za mdoli kwa mkasi, kisha akajikata nywele zake upande mmoja. Anataka kujua ni zipi zitakazoota tena.

Katika visa vyote hivi, swali la kwanza linalotutoka wakubwa ni "Kwa nini umefanya hivi?" Mtoto husikia mashitaka, na jibu lake ni lile tunalolijua sote: "Sijui." Badili swali. Uliza, "Ulitaka kuona nini?" Hapo atakueleza, na mara nyingi utalazimika kugeuka pembeni ili usicheke mbele yake.

Baada ya kumsikiliza, tenganisha mambo mawili. Hamu ya kujua haiadhibiwi. Uharibifu unarekebishwa, na yeye anashiriki kuurekebisha. Aliyemwaga unga anashika ufagio. Aliyefungua redio anashika bisibisi na kukupa skrubu moja moja unapoifunga. Aliyefukia sarafu anaifukua mwenyewe, anaiosha na kuirudisha kwenye pochi alikoitoa, maana kuchukua bila kuomba ni kosa hata kama nia ilikuwa kuongeza utajiri wa familia.

Utamtofautishaje mdadisi na mkorofi? Mara nyingi macho yatakuambia. Anayetaka kujua hukitazama kitu. Anayetaka kuudhi huutazama uso wa mtu aone kama umekunjamana. Wa pili naye ana shida yake, pengine mdogo wake mchanga amemnyang'anya mama, lakini dawa yake si maelezo ya redio inavyofanya kazi.

Kisa kimoja kwa karibu: jino juu ya paa

Jino la kwanza limeng'oka. Kwa desturi ya nyumba nyingi za kwetu, limerushwa juu ya paa ili lije jipya. Kesho yake asubuhi mama anatoka uani na kumkuta mwanawe amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa juu ya kiti, shingo ameinyoosha kuelekea kwenye bati.

"Wewe! Shuka! Unatafuta nini huko?"

"Naangalia kama limeshachukuliwa."

Anashushwa na kukalishwa mkekani karibu na bibi yake, ambaye kinywani amebakiwa na meno mawili ya mbele. Anamtazama bibi kwa muda mrefu.

"Bibi, na wewe ya kwako ulisahau kuyarusha?"

Sasa angalia namna ya kukitumia kisa hiki kikishachekwa. Kwanza, hatari: kiti na ndoo vinaondolewa, na mtoto anaambiwa kwamba akitaka kuona juu ya paa aombe kubebwa. Pili, jibu: meno ya utoto ni 20, na huanza kung'oka karibu na umri wa miaka sita. Yanayofuata, pamoja na magego ya mwisho, hufikia 32. Hayo yakitoka hakuna mengine yajayo. Kwa hiyo bibi hakusahau. Alirusha ya kwanza, akapata ya pili, na ya pili hayana wa kuyarithi. Mtoto aliyelipata jibu hili kwa njia ya mdomo wa bibi yake hahitaji hotuba ndefu kuhusu mswaki. Mpe mswaki jioni ileile, habari ikiwa bado moto.

Desturi ya paa usiivunje. Mtoto anaweza kulirusha jino kwa furaha na bado akajua jino jipya linatoka kwenye fizi. Mwonyeshe ncha nyeupe inayochungulia pale pengo lilipo.

Ipange nyumba kwanza

Mtoto wa umri huu hawezi kuipima hatari, hivyo kuipima ni kazi yako. Kabla ya kumpa uhuru wa kuchunguza, pita nyumbani kwa kimo chake. Piga magoti, zunguka, uone anachokiona yeye.

Chupa. Mafuta ya taa, dawa ya choo na dawa ya kuulia wadudu visikae katika chupa za maji au soda, hata kwa siku moja. Mtoto huisoma chupa, hasomi maandishi. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe. Yanaporudi juu huweza kuingia mapafuni, na huko ndiko madhara yake makubwa yaliko. Mkimbize hospitali, na chupa yenyewe ubebe.

Betri ndogo za duara. Zimo kwenye rimoti, saa na vidoli vinavyoimba. Ikikwama kooni inaweza kuunguza kwa ndani chini ya saa mbili, wakati mtoto bado anacheza kana kwamba hakuna kitu. Ukishuku amemeza, au ameitia puani, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri itoke yenyewe.

Punje puani. Harage, punje ya hindi na ushanga ndivyo vinavyopenda safari hii. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti, maana utakisukuma ndani, wala usitie maji, kwa sababu harage huvimba. Ziba tundu la pua lisilo na kitu na umwambie apenge kwa nguvu. Ikishindikana, nenda zahanati. Ukirudi, umuulize alitaka kuona nini. Huenda akakujibu kwamba alikuwa anaangalia kama harage linanusa.

Maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache ya ndoo. Mwaga yasiyo na kazi, funika pipa, na kisima kiwe na mfuniko asioweza kuuinua.

Moto. Sufuria ya uji isiwekwe sakafuni anakopita. Akiungua, mwagilia pale palipoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta ya kupikia viache jikoni. Ukishapooza jeraha, lifunike kwa kitambaa safi na umwone daktari kama limetoa malengelenge au liko usoni, mikononi au sehemu za siri.

Vidonge. Usimbembeleze kwa kumwambia dawa ni peremende. Atakuamini, na siku moja atajihudumia mwenyewe.

Ukishaondoa vinavyoumiza, mpe vya kuchezea. Kona moja ya uani au ya sebule iwe yake: makopo, vifuniko, kamba, faneli, bisibisi butu, na redio mbovu ya betri iliyokwisha kutolewa betri. Kifaa chochote kinachochomekwa ukutani, hata kibovu, kisiingie humo, na runinga kuukuu ndiyo kabisa, kwani inaweza kuhifadhi umeme ndani yake baada ya kuchomolewa. Anayefungua redio mbovu kwenye kona yake ana sababu ndogo ya kufungua nzima iliyo chumbani kwako.

Namna ya kujibu maswali yasiyokwisha

Mwanasaikolojia Paul Harris wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 2012, alikadiria kwamba mtoto mwenye mtu wa kuzungumza naye huuliza maswali ya kutaka maelezo yapata 40,000 kati ya umri wa miaka miwili na mitano. Ukiona umechoka, una sababu. Hutayajibu yote, na hakuna anayekudai yote. Fuata kanuni nne.

Jibu fupi. Sentensi mbili zinatosha. Akitaka zaidi atauliza, na asipouliza amekwisha ondoka kwenda kumtazama paka.

Mrudishie swali, ila si kwa kumkwepa. "Wewe unaonaje?" ni swali zuri kama utalisikiliza jibu. Katika miaka ya 1920, Jean Piaget wa Uswisi aliwauliza watoto kuhusu mwezi, na wengi wakamwambia unawafuata wanapotembea. Jaribu kwako usiku wa mbalamwezi. Watume watoto wawili, mmoja aende kushoto na mwingine kulia, kisha warudi waseme mwezi ulimfuata nani. Kila mmoja ataapa ulimfuata yeye. Waache wabishane. Wakishindwana ndipo useme kwamba mwezi uko mbali sana, kilomita 384,000 hivi, na ndiyo maana hatua zetu chache hazibadilishi pale tunapouona.

Weka ahadi na uitimize. "Nikimaliza kukaanga samaki nitakujibu" ni jibu halali, mradi ukiepua kikaango umwite. Ukimsahau mara tatu, ataacha kusubiri.

Usipojua, toa mji. Hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote, na tayari tunayo katika mchezo wetu wa vitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitikia "Tega!", wakishindwa anadai mji, wanampa, naye anafumbua. Hakuna anayedhalilika kwa kushindwa. Anatoa mji na mchezo unaendelea. Leta utaratibu huo kwenye maswali ya mtoto.

"Baba, jogoo anajuaje kumekucha na alikuwa amelala?"

"Hapo umenishinda. Nakupa Tanga."

"Tanga siitaki. Nipe Mwanza."

"Haya, chukua Mwanza. Sasa twende tukamtafute anayejua."

Tofauti ni moja. Kwenye kitendawili mtegaji analijua jibu, na hapa hamlijui nyote wawili, kwa hiyo aliyepokea mji na aliyeutoa wanakwenda kuuliza pamoja. Bandikeni ramani ya nchi ukutani na mzungushie kila mji alioupata. Kuna mtoto atakayemaliza mikoa yote ya bara kabla ya Pasaka na kuanza kudai Pemba. Faida zake ni mbili: anajua ramani, na anajua kwamba mkubwa anaweza kutojua bila kukasirika.

Mahali pa kuuliza ni pengi. Fundi baiskeli anajua kwa nini mnyororo unateleza. Muuguzi anajua kwa nini sindano inachomwa begani. Mvuvi anajua maji yatajaa saa ngapi. Simu iwe ya mwisho, kwa sababu inajibu kabla mtoto hajapata muda wa kukisia.

Majaribio sita yasiyogharimu kitu

Sarafu na harage. Chukua glasi mbili, tia pamba yenye unyevu katika kila moja. Kwenye moja weka sarafu, kwenye nyingine harage kavu la kupandwa. Ziwekeni dirishani na msikaushe pamba. Ndani ya siku chache harage litapasuka na kutoa mzizi, nayo sarafu itabaki ilivyo. Mwulize kipi kilikuwa hai.

Kuku na njiwa. Mtume akawatazame wakinywa. Kuku huchota maji kwa mdomo, kisha huinua kichwa ili yateremke kooni. Njiwa huinamisha mdomo majini na kunywa mfululizo bila kuinuka. Halafu mpe mtoto kikombe, ajaribu zote mbili. Tandika mkeka wa zamani.

Kivuli kilichopotea. Asimame palepale asubuhi, mchana na alasiri, na uchore kivuli chake kwa chaki. Kwa walio Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua hupita utosini, na muda mfupi baada ya saa sita mchana kivuli hujificha chini ya miguu. Siku hiyo usishangae akimshitaki mwenzake kwa kukiiba.

Soda moja, glasi mbili. Mimina soda sawa katika glasi mbili zinazofanana, watoto wote wakubali kwamba zimelingana. Kisha hamishia moja kwenye glasi nyembamba na ndefu mbele ya macho yao. Watoto wengi wasiofika miaka saba watasema sasa ile ndefu ina nyingi zaidi. Hili pia ni jaribio la Piaget. Usimbishie, rudisha soda kwenye glasi ya awali aone. Kwa amani ya kudumu: mmoja anamimina, mwingine anachagua kwanza. Utashangaa jinsi mmiminaji anavyoinama kupima usawa.

Njia ya sisimizi. Tonesha maji ya sukari karibu na mstari wao. Wakishajipanga, pitisha kitambaa chenye maji ukate mstari sehemu moja. Wataduwaa, watazunguka, kisha wataiunganisha njia upya. Wanafuata harufu waliyoiacha wenzao, nawe umeifuta. Siafu wasihusike kabisa na jaribio hili.

Bahari kwenye chupa. Watoto wa pwani hupenda kubeba bahari nyumbani, halafu hulalamika kwamba imekufa: haina mawimbi na si ya buluu. Mimina maji kwenye beseni na umwambie apulize kwa mlalo. Mawimbi yatatokea, naye atajua upepo ndio unaoyafanya. Kuhusu rangi, mwambie maji machache hayaonyeshi rangi, mengi yenye kina ndiyo yanayoonyesha. Kuhusu kupwa na kujaa, mpelekeni ufukweni mara mbili kwa siku moja, kwa tofauti ya saa sita hivi, siku za bamvua.

Maswali yanayoinamisha vichwa

"Huyu mtoto ametoka wapi?" Ukisema amenunuliwa hospitali, jiandae. Mchanga atalia usiku wa tatu, na kaka yake wa miaka mitano, aliyesikia redioni kila siku kwamba mteja adai risiti, atakuja chumbani na kuuliza iko wapi ili akarudishwe. Jibu la kweli ni jepesi kuliko uongo huo: "Alikuwa tumboni mwa mama, akakua, akazaliwa." Kwa mtoto wa miaka minne hilo linatosha. Mtoto ajue pia majina halisi ya viungo vyake, ajue kwamba sehemu za siri hazichezewi na mtu, na kwamba akiguswa aje akuambie hata kama ameambiwa iwe siri.

"Babu amekwenda wapi?" Usiseme amelala, kwa sababu usiku mtoto ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, kwa sababu atamsubiri. Sema amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi, na sisi tunamkumbuka. Kisha ongeza lile ambalo dini yenu inafundisha, kwa maneno mnayoyatumia nyumbani.

"Kwa nini mama mkubwa ni mnene?" Hili linaulizwa mbele ya mama mkubwa, na sauti huwa haikupunguzwa. Mwambie pale pale, bila ukali, kwamba watu wana miili tofauti, na kwamba maswali ya miili ya watu tunaulizana tukifika nyumbani. Kisha mkifika nyumbani mpe nafasi aulize kweli.

Na yule aliyemwambia mwenye nyumba mlangoni "Baba anasema hayupo"? Huyo hana kosa. Alipewa ujumbe, akaufikisha wote.

Shuleni: maswali yanakohama

Mwaka 1984, watafiti Barbara Tizard na Martin Hughes walichapisha matokeo ya kurekodi mazungumzo ya wasichana 30 wa karibu miaka minne jijini London, nyumbani na katika shule ya awali. Nyumbani, kwa wastani, mtoto aliuliza maswali 26 kwa saa. Shuleni aliuliza mawili. Ni watoto walewale. Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja anayewajua, shuleni kulikuwa na mtu mmoja wa kugawana na wengi.

Kwetu mgawanyo huo ni mkali zaidi. Tangu elimu bila ada ianze Tanzania Januari 2016, watoto wameandikishwa kwa wingi, na mwalimu wa awali mwenye umati mbele yake hawezi kusimama kila mkono unapoinuka. Haya yafuatayo yanawezekana hata katika darasa lililojaa.

Kwa mwalimu: weka kopo la maswali karibu na mlango. Wasiojua kuandika wanachora. Kila Ijumaa chukua moja mlijadili dakika tano, na likikushinda toa mji mbele ya darasa zima. Utashangiliwa.

Mdadisi mkubwa wa darasa mpe zamu na kazi, mathalani kuhesabu waliofika au kumwagilia ua, ili asimeze muda wa wenzake. Anayeleta mende wa kinyesi kwenye kisanduku cha kiberiti aambiwe sheria: anaonyeshwa wakati wa mapumziko, kisha anarudishwa alikotoka. Kabla hajarudishwa, darasa lihesabu miguu. Mdudu ana sita, buibui ana minane, na hapo umefundisha hesabu na sayansi kwa mgeni mmoja.

Na kabla ya kuandika "mwongo" moyoni, chunguza. Mwalimu anaita majina, anafika kwa mtoto asiyekuja. Jirani yake wa dawati anaitikia kwa nguvu, "Yupo!"

"Yupo wapi?"

"Kwao, mwalimu. Anaumwa tumbo."

Mtoto hakudanganya. Alidhani mwalimu anahakikisha kama mwenzake bado yupo duniani, akaona ni vizuri kumtoa wasiwasi.

Kwa mzazi: swali la "Leo mmefundishwa nini?" huzaa jibu moja, "Hamna." Uliza badala yake, "Nani leo kauliza swali, na mwalimu kasemaje?" Akirudi na viatu viwili vya kushoto, usikimbilie kufoka. Yawezekana amebadilishana kiatu kimoja na rafiki yake ili wawe ndugu. Mpongeze kwa udugu, kisha kesho viatu virudi kila kimoja kwa mwenyewe. Mwalimu wake mwone mapema kwenye muhula, kabla ya kuitwa, umweleze mambo mawili: kitu gani kinamvutia mtoto na kitu gani kinamtisha. Huo ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye majina mengi ya kukariri.

Daftari la vituko

Nunua daftari la kurasa chache na uliweke jikoni. Kituko kikitokea, andika tarehe, umri, maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, na swali unaloliona ndani yake. Usimsahihishie sarufi. "Kapiga mbio yule jua" ni mali yake. Ukisoma kurasa za miezi michache utaona mkondo: huyu anarudi kwenye maji, huyu kwenye wanyama, huyu kwenye haki na nani kapata kikubwa. Huo ndio mwelekeo wa vitabu na safari za kumchagulia.

Kucheka kuna mpaka. Mkicheka naye, naye anacheka. Mkimcheka, anatazama chini. Mbele ya wageni, mwombe ruhusa kabla ya kusimulia, hata kama ana miaka mitano. Picha yake akiwa amejipaka masizi usoni iache ndani ya familia. Ukiiweka kwenye stetasi ya WhatsApp hujui itafika kwa nani, na miaka kumi baadaye wenzake wa sekondari wanaweza kuiona.

Mtoto asiyeuliza

Daftari likibaki tupu, litazame hilo pia. Mtoto aliyefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, au aliyekuwa akiongea kisha akaacha, apelekwe kliniki akapimwe, kuanzia na masikio. Aliyekuwa mdadisi kisha akanyamaza ghafla ana jambo: pengine kichapo, pengine mtu anayemtisha, pengine njaa ya asubuhi. Kaa naye, fanya naye kazi ya mikono, kuchambua mchele au kumenya maharage, usimkazie macho. Maneno hutoka mikono ikiwa na shughuli.

Kipindi hiki cha maswali kina mwisho. Kadiri anavyokaribia miaka tisa au kumi, mengi atawauliza wenzake, na baadaye simu. Aliyezoea kujibiwa kuhusu jino na kivuli, na kupewa mji pale ulipokwama, atakuja kwako akiwa na miaka 14 na maswali mazito zaidi. Aliyezoea "Hebu nyamaza" naye atauliza. Ataenda kwa mwingine, na hutashirikishwa kumchagua huyo mwingine.